Benchi la Seremala Linalotembea Bila Kuyumba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni seremala wa Ngamiani, Tanga. Sina banda. Kazi naifanyia barazani, na jua likizama kila kitu kinapita ukumbini kwenda kulala uani, benchi likiwemo. Wapita njia wanaliona asubuhi likitoka na magharibi likirudi, ndipo wakalibandika jina la Waja Leo, kwa ule msemo wa mji wetu: waja leo, waondoka leo. Maswali juu yake hayaishi. Haya hapa ni yale yanayorudi zaidi, na majibu ninayoyatoa nikiwa na randa mkononi.

Kwa nini ujisumbue na benchi la kutembea? Si bora moja zito likae mahali pake?

Ni bora, kama unapo mahali pake. Mwenye banda lenye mlango na kufuli ajenge benchi zito kama yale ya vyuo vya ufundi, alikite, asahau habari za matairi. Sisi wengine tunafanya kazi kwenye nafasi ya kuazima: baraza, kivuli cha mwembe, upenu wa jirani. Jua likihama nasi tunahama. Mvua ya masika haipigi hodi; ukiiona imeshaingia kutoka upande wa Raskazone, una dakika mbili tatu za kuokoa ulichonacho. Na kitu kilichoachwa barazani usiku, asubuhi huwa hadithi.

Benchi langu lina matairi manne, na nikipiga randa linacheza. Kosa liko wapi?

Kosa ni kulisimamisha juu ya matairi. Randa inasukuma mbele, inarudi, inasukuma tena, siku nzima. Tairi limeumbwa kukubali kusukumwa. Huwezi kuliweka chini ya benchi kisha ulilaumu kwa kufanya kazi yake.

Benchi langu la kwanza lilikuwa hivyo hivyo. Nilinunua vitairi vinne vya mpira, viwili vina breki, vinang'aa, nikavifunga chini ya miguu nikajiona nimemaliza. Kazi ya kwanza ilikuwa fremu ya mlango ya mninga. Kila nikisukuma randa, benchi linasogea nusu inchi kuelekea mferejini. Nikakanyaga breki, likaacha kwenda, likaanza kuyumba. Mwisho nikampandisha kijana wangu juu yake akae, awe uzito. Mwenye mlango akapita kuangalia kazi yake imefika wapi, akamkuta kijana amekaa juu ya benchi anakula muhogo wa kukaanga, mimi napiga randa ubavuni pake. Hakusema kitu, ila alimtazama sana.

Tangu siku ile nimeshika jambo moja: likitembea liwe juu ya matairi, likifanya kazi liwe juu ya miguu. Vyote viwili kwa wakati mmoja, hapana.

Hata vitairi vyenye breki ya kukanyaga havifai?

Inategemea breki inashika nini. Kitairi cha kuzunguka kina sehemu mbili zinazocheza: gurudumu kwenye ekseli yake, na shingo inayogeuka juu ya gololi. Breki nyingi za bei rahisi zinashika gurudumu tu, shingo inabaki huru. Na kwa kuwa gurudumu halikai chini ya shingo moja kwa moja, limerudi nyuma kidogo, benchi linapata nafasi ya kupepesuka huku na huku hata breki ikiwa imekazwa.

Vipo vinavyofunga gurudumu na shingo kwa mkanyago mmoja. Hivyo ni afadhali, na kwa anayepiga msasa, anayetoboa kwa drili au anayeunganisha kabati, vinatosha. Kwa randa ya mkono na patasi havitoshi, maana mpira wenyewe unabonyea.

Basi nifuate mtindo gani?

Mtindo wa toroli. Benchi linakuwa na miguu minne ya kawaida. Kwenye ncha moja unafunga matairi mawili yasiyogeuka, nje ya miguu, yakiwa yameinuka kidogo kutoka sakafuni. Kwenye ncha ya pili unaweka vishikio viwili. Benchi likitulia, matairi hayagusi chini. Ukinyanyua vishikio, benchi linainama, matairi yanagusa, miguu inaachia, unakwenda nalo kama mtu anayesukuma toroli la zege.

Hapa kwenye vipimo ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mambo mawili ndiyo yanayoamua: pengo kati ya tairi na sakafu, na umbali wa ekseli kutoka mguuni. Pengo liwe milimita 3 hadi 5. Likizidi hapo unanyanyua bure. Ule umbali, watu hupenda kuubana, tairi liukumbatie mguu ili benchi lionekane nadhifu. Usifanye hivyo. Chukua benchi la mita moja na nusu. Ekseli ikiwa sentimita 18 nje ya mguu, ukiinua vishikio sentimita 25, miguu ya upande wa tairi inaachana na sakafu kwa sentimita 2 na ushei. Ekseli ikiwa sentimita 8 tu, kwa kuinua kule kule, miguu haipandi hata sentimita 1. Utakwaruza kila kokoto kati ya baraza na uani, na mgongo utakudai.

Tairi likichomoza namna hiyo, meza ya juu ipitishe juu yake usipoteze nafasi. Matairi yasizidi upana wa meza kwa kila upande, la sivyo yatakwama mlangoni.

Pengo lenyewe halihitaji hata futi. Tafuta mahali sakafu imenyooka, simamisha benchi, weka kipande cha plaiwudi nyembamba ya milimita 3 chini ya kila tairi, lisogeze tairi mahali pake, utie alama ya ekseli hapo hapo ndipo utoboe. Ukishafunga, chomoa plaiwudi. Pengo umelipata.

Matairi ya ukubwa gani, na nayatoa wapi?

Ukiwa Tanga huwezi kukosa gurudumu. Mji umejaa baiskeli. Mimi natumia magurudumu ya baiskeli ya mtoto, yale ya inchi 12. Yanavuka mchanga, yanavuka changarawe, na ni membamba. Kitu kimoja tu: ekseli ishikwe pande zote mbili za gurudumu, kama uma wa baiskeli unavyoishika. Ukiichomeka upande mmoja ikabaki inaning'inia, itapinda mwezi wa kwanza. Ukitumia vipande viwili vya mbao ya inchi 2 kwa 4 kila upande, au ukamwomba fundi wa kuchomelea akukatie uma halisi wa baiskeli, umemaliza.

Gurudumu la toroli ni imara zaidi ila ni nene na linakula nafasi. Vile vya sentimita 5 vya kwenye viti vya ofisini usivitazame kabisa. Mchanga unavimeza, na kizingiti kwao ni ukuta.

Kuhusu upepo: likiisha upepo asubuhi, benchi linaendelea kusimama vile vile. Ndiyo faida ya kusimama kwa miguu.

Sakafu yangu ni saruji laini na sitaki kunyanyua kitu. Hakuna njia nyingine?

Ipo, na ni nzuri kwa mwenye chumba. Chukua vitairi vinne vya kuzunguka, uvifunge viwili viwili chini ya vibao viwili vinene. Kila kibao kishike kwa bawaba kwenye ubao wa chini unaounganisha miguu ya upande mfupi. Ukikikanyaga kibao, vitairi vinashuka na benchi linapanda kidogo. Kabari inaingia nyuma ya kibao kisirudi. Ukifika unakotaka, unavuta kamba iliyofungwa kwenye kabari, na benchi linashukia miguu yake.

Bawaba ziwe za mlango mkubwa na zifungwe kwa bolti, skrubu zitang'oka. Kabari ikivutwa benchi linashuka kwa kishindo, kwa hiyo usiwe na ndala. Barazani kwenye mchanga mtindo huu haufui dafu, lakini kwenye karakana ya ndani nimeuona ukifanya kazi vizuri kuliko wangu.

Kimo, urefu na upana viwe vipi?

Kimo ni chako, si cha mwenzako. Vaa viatu vya kazini, simama wima, mikono ining'inie. Uso wa benchi ufike pale kiganja kinapokunjika. Kwa mtu wa sentimita 170 itakuwa karibu na 83 au 85. Chini hivyo ni kwa sababu ya randa: unataka uzito wa kifua ushuke juu yake, usisukume kwa mabega. Ukiwa mtu wa drili na ruta (mashine ya kuchonga kingo) zaidi, ongeza sentimita 10.

Urefu wa mita 1.5 na upana wa sentimita 60 unaniingiza kila mahali. Lakini kabla hujakata, nenda kapime mahali pembamba kuliko pote benchi litakapopita, sio mlango wa mbele tu. Nyumba zetu hizi za Kiswahili ukumbi umenyooka, ila kwenye mlango wa uani mara nyingi kuna kona, mtungi, baiskeli, na jiko la mkaa la mtu. Kata boksi kwa vipimo vya benchi, pamoja na vishikio na matairi, ulisukume sakafuni kutoka mbele hadi nyuma. Mwenzangu mmoja wa Makorora aliruka hatua hiyo, akatengeneza benchi zuri la futi 7. Ukumbi ukalikataa. Mpaka leo liko nje, na kuku wanalijua.

Nahitaji mbao ngapi, na za mti gani?

Kwa vipimo hivyo, mbao nne za 2 kwa 4 na mbili za 2 kwa 6, zote za futi 12, zinatosha benchi zima. Nitakuonyesha ninavyozikata.

Mbao mbili za kwanza za 2 kwa 4 zinatoa vipande vinane vya sentimita 80: hiyo ndiyo miguu, kila mguu vipande viwili vilivyogandishwa. Mbao mbili zilizobaki, kila moja inatoa vipande viwili vya sentimita 130 vya kuunganisha miguu kwa urefu, na viwili vya sentimita 50 vya kuunganisha kwa upana. Masalio yaliyobaki yanatosha kushikia ekseli. Zile za 2 kwa 6, kila moja inatoa vipande viwili vya mita 1.5 kwa ajili ya meza ya juu. Vinne vikilala pamoja unapata sentimita 60, au 57 ukishazipiga randa ubavuni. Na mbao ya 2 ukiipima ni nadra uikute 2 kamili, kwa hiyo pima zile ulizonunua, usipime jina lake.

Mti: paina au saiprasi ya Shume kule Lushoto inafaa kabisa, hali kadhalika paina inayotoka Sao Hill, Mufindi. Mtiki wa Longuza, Muheza, ni mzuri mno. Unavumilia unyevu na mchwa haupendi, ila bei yake ni ya mlango wa mtu, si ya benchi langu. Ukipata masalio ya mtiki weka kwenye nyayo za miguu. Mnazi usiudharau: mbao ya sehemu ya nje ya shina ni ngumu na nzito, ya katikati ni laini kama boga. Chagua ya nje, na ujue itakutafunia meno ya msumeno.

Usinunue mbao bichi ukaiunga kesho yake. Ilaze kivulini juu ya vijiti, hewa ipite katikati, wiki kadhaa. Mbao iliyofunguka baada ya kuungwa haina dawa.

Viungo vipi visivyolegea?

Kwa kuwa kila mguu ni vipande viwili, kiungo kinajitengeneza. Kipande cha nje kiache kizima. Kile cha ndani ukikate vipande vifupi, uache nafasi tupu pale ubao wa kuunganisha utakapoingia. Ukivigandisha kwa gundi, nafasi ile inakuwa kitanda: ubao unakaa ndani yake na kulalia mti. Bolti inabaki na kazi ya kuuzuia usitoke tu. Aliyezoea kupiga patasi anaweza kutengeneza ulimi na tundu akaniona mvivu. Ni sawa.

Fremu mbili za upande mfupi nazitia gundi, moja kwa moja. Mbao ndefu nazifunga kwa bolti za milimita 10 zenye washa pana, kwa sababu mbili: siku ya kuhama benchi linafunguka, na mbao ikikauka unaikaza tena. Mimi nazikaza Januari au Februari, jua la kaskazi likiwa limekausha kila kitu; nati huwa zinakubali robo mzunguko, wakati mwingine nusu.

Kabla gundi haijashika, pima kona kwa kona. Mshazari mmoja ukizidi wa pili, fremu imelala. Isukume mpaka vilingane. Guniya, kile kipimo cha kona mraba, peke yake inadanganya kwenye kitu kikubwa.

Nguvu ya randa inakwenda kwa urefu wa benchi, na ni huko benchi linakoanza kucheza. Ukitaka litulie kabisa, funga plaiwudi mgongoni, kati ya miguu miwili ya nyuma, na rafu chini. Plaiwudi inafanya kazi ya mhimili wa mshazari bila kukukwaza mguu.

Baraza langu lina mawimbi. Benchi linacheza hata kwa miguu yake.

Stuli ya miguu mitatu haijawahi kucheza popote, hata juu ya mawe. Mguu wa nne ndio unaoleta ugomvi. Kwa hiyo huhitaji kurekebisha miguu yote, rekebisha mmoja. Toboa chini ya mguu mmoja, zamisha nati ya milimita 12, ingiza bolti kichwa kikiangalia chini. Kila mzunguko mmoja kamili wa bolti ya kawaida ya ukubwa huo unapandisha au kushusha mguu milimita 1.75. Unalisimamisha benchi, unageuza kwa spana mpaka mguu ukae, basi.

Ukitaka na uso ukae sawa kwa pima maji, weka bolti ya pili kwenye mguu wa jirani. Mimi sijawahi kuihitaji. Ninachojali ni utulivu, na kipimo changu ni glasi ya chai ya rangi. Naijaza karibu na ukingo, naiweka mwisho wa benchi, napiga randa ubao wa mninga mara kumi kwa nguvu. Chai ikimwagika, narudi kwenye bolti. Ikitikisika tu juu juu, nainywa naendelea.

Limetulia, lakini ni jepesi. Linateleza lote kwa pamoja. Na mgongo wangu je?

Benchi hili la paina lina kama kilo 55 hadi 60 kabla ya kufunga jiliwa, kile chuma cha kubania kazi. Kwa randa kubwa hazitoshi. Kwanza weka ngozi chini ya miguu: kata vipande vya tairi kuukuu, vile vya kutengenezea katambuga, uvipigilie kwa misumari mifupi ambayo vichwa vyake vimezama ndani ya mpira. Hiyo peke yake inaondoa nusu ya tatizo kwenye saruji.

Kisha ongeza uzito kwenye rafu ya chini. Mchanga mkavu wa ndoo moja ya lita 20 una kama kilo 32. Tia kwenye mifuko miwili mitatu iliyoshonwa vizuri. Usiweke mchanga wa pwani. Una chumvi, chumvi inavuta unyevu, na utashangaa patasi zinashika kutu zikiwa zimelala juu ya rafu tu. Chukua wa mto au wa machimbo.

Mifuko iweke upande wa matairi. Uzito ukiwa huko, mikono yako inabeba kidogo. Benchi tupu, ukiinua vishikio unabeba karibu nusu ya uzito wake, yaani kilo 30 hivi. Mchanga ulio juu ya miguu ya upande wa tairi unaongeza kidogo sana kwenye mikono. Mgongo ukikusumbua, toa mifuko kwanza, au muite mtu mshike kishikio kimoja kimoja. Usilivute kinyumenyume kwenye ngazi za baraza peke yako. Nimelifanya hilo mara moja na goti la kulia linakumbuka.

Kizingiti kinanisumbua.

Tengeneza kijidaraja: kipande cha 2 kwa 6 kilichochongwa mshazari, kimoja huku na kimoja kule. Kitundike msumarini nyuma ya mlango, watoto wasikifanye kuni.

Meza ya juu iwe mbao au plaiwudi?

Plaiwudi ya milimita 18, tabaka mbili zilizogandishwa, inatulia na haipindi. Mbao nzima inapokea nyundo vizuri zaidi na ikichakaa unaipiga randa upya. Mimi ni mtu wa mbao. Ila kumbuka mbao inapanuka kwa upana kipindi cha mvua na kusinyaa wakati wa jua, kwa hiyo skrubu zinazoishika kutoka chini zipite kwenye matundu yaliyorefushwa kidogo kufuata upana. Ukiibana isipumue, itapasuka katikati. Rangi na vanishi ya kuteleza usipake; mafuta ya kitani kidogo yanatosha, na matambara uliyopakia usiyakunje ukayatupa pembeni, yatandaze yakauke. Yakifungamana yanaweza kuwaka yenyewe.

Jiliwa nilifunge wapi?

Kwa anayetumia mkono wa kulia, mbele upande wa kushoto, karibu kabisa na mguu. Likiwa katikati ya miguu miwili, kila ukikaza meza inanesa. Upande huo wa kushoto ndio uwe wa matairi, ili chuma chake kikuongezee uzito unakoutaka. Taya zake zivishe vibao, zisiume kazi.

Usiyekuwa na jiliwa, toboa matundu ya milimita 20 juu ya meza, uchonge vigingi vya mti mgumu viingie kwa kubana. Ubao unaegemea kigingi, randa inausukuma hapo. Mafundi wengi wa zamani wa mji huu hawakuwa na zaidi ya hivyo, na milango yao bado inafunguka.

Kutu, mchwa na unyevu wa pwani navizuiaje?

Bolti na skrubu ziwe za kupakwa zinki. Matairi yapate grisi kabla ya masika. Nyayo za miguu ndizo zinazokunywa maji, kwa kuwa mbao hunyonya kwa kichwa chake kuliko kwa ubavu. Zipake gundi isiyoyeyuka kwa maji au lami kabla ya kufunga ule mpira. Oili chafu inafukuza mchwa, lakini ipake kwenye nyayo pekee na baada ya kugandisha kila kitu. Gundi haishiki juu ya oili, na mteja hatapenda kabati linalonuka gereji. Gundi nyeupe ya kawaida inalegea ikilowa. Kwa benchi la kutoka na kuingia, nunua ile iliyoandikwa kwamba inahimili maji.

Nikichomelea fremu ya chuma je?

Inafaa. Bomba la mraba la inchi 2, unene usiopungua milimita 2, meza ya juu ibaki mti. Kwenye hewa yetu ya chumvi litakudai rangi kila mara, na kila ukipiga nyundo litalia kama kengele. Mimi nikitaka kelele ninao majirani.

Na waya wa umeme?

Usiukokote sakafuni kati ya matairi. Funga soketi ya ekstensheni chini ya ukingo wa meza, upande wa nyuma, na waya uingie kwa juu. Chomoa ukutani kabla hujainua vishikio. Nimeona mtu ameondoka na soketi ya mwenye nyumba.

Naweza kulipakia kwenye guta nikafanyie kazi kwa mteja?

Naenda nalo mpaka Chumbageni na Mikanjuni. Litoe mchanga, lipindue meza iangalie chini juu ya gunia, matairi na miguu juu. Likisimama wima kwenye guta linapinduka kwenye kona ya kwanza. Lifunge kwa kamba ya katani; Tanga ndiko kwao. Ya nailoni inavutika na barabara ikirusharusha fundo linalegea. Kwa mteja watakwambia pana nafasi ya kutosha. Kabla hujamlipa mwenye guta, ingia ndani na futi, upime mlango.